Konokono wa Mlango wa Kushoto

Konokono alidondoka mezani saa moja na robo asubuhi, Inspekta alipokuwa akifungua daftari la kata kwa ncha ya kalamu, na Sajenti akamfagia kwa kiganja kama anavyofagia makombo ya mkate. Alitua kwenye kisahani cha chai. Lilikuwa ganda tupu, dogo kuliko punje ya mahindi, na Inspekta hakulijali, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa na hasira ya mambo makubwa zaidi.

Askari wa kituo walimwita Sindano akiwa hayupo, na Afande akiwepo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja, na alikuwa na tabia ya kusoma jalada lote tangu mwanzo kila asubuhi, hata kama alilisoma jana. Jalada hili lilikuwa jembamba mno kwa uzito wa jambo lenyewe, na hilo peke yake lilimkera.

Siku nane zilizopita mto ulikuwa umefurika. Maji yaliingia ofisi ya kata hadi usawa wa goti, yakalala humo, kulipokucha yakaondoka. Siku ya nne mwenyekiti wa kata alifika kituoni akiwa amebeba daftari la wakazi limevimba kama maandazi, likinuka uozo, na kurasa arobaini za mwanzo hazimo. Kurasa hizo zilikuwa ni Mtaa wa Chini wote, nyumba sitini na tatu, namba moja hadi sitini na tatu. Zilikuwa zimekatwa kwa wembe karibu kabisa na mgongo wa daftari. Mwenyekiti alieleza kwamba karani, ambaye ni mtu wa huko huko Mtaa wa Chini, alikuwa amechomeka majina ya bandia kwa miaka mingi. Aliposikia ukaguzi unakuja alizikata kurasa zake, kisha akaliacha daftari sakafuni ili mafuriko yabebe lawama. Inspekta alimweka karani ndani jioni ile ile.

Sasa ilikuwa siku ya nne ya mzee yule mahabusu, na saa nane mchana mkutano wa kata ungekaa. Mtaa wa Chini ulikuwa ubomolewe kwa ajili ya mafuriko. Aliyekuwemo daftarini angepewa nyumba mpya kilimani. Asiyekuwemo alikuwa mpita njia tu, afunge virago vyake aende atakakokwenda. Mwenyekiti alikuwa amebandika tangazo mlangoni pa ofisi, na nakala yake ilikuwa jaladani: mtu hawezi kujitetea kwa mashahidi wa mdomo; lazima awe na namba yake, na lazima mdhamini wake naye awe na namba katika daftari lililopo. Bila hivyo, si mtu wa kata hii.

"Sitini na tatu," Inspekta alisema. "Watu wamezaliwa pale, wamezikana pale, leo wanaambiwa ni wapita njia kwa sababu mtu mmoja ana wembe."

"Mtu mwenyewe si tunaye hapo ndani, Afande," Sajenti alisema, akipuliza chai yake.

Inspekta alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Palikuwa na mtoto mchanga aliyesajiliwa asubuhi ya siku ile ile ya mafuriko, na chini yake muhuri wa mwenyekiti na sahihi yake, wino wake ukiwa umetawanyika kidogo tu. Basi daftari lilikuwa kavu siku ile, na mwenyekiti mwenyewe aliligusa likiwa kavu. Aliandika hilo pembeni. Kisha akapitia maelezo ya mwenyekiti aliyoyatia sahihi mbele yake: kwamba alilikuta daftari sakafuni mwa ofisi kulipokucha baada ya mafuriko, akalichukua nyumbani kwake kulianika, na kwa siku tatu halikutoka mkononi mwake wala kuguswa na mtu mwingine. Mwenyekiti alisisitiza sana hilo la mkononi mwake. Alitaka aonekane mtunzaji.

*

Nje ya lango alikuwapo dada mkubwa wa karani, bibi mshonaji ambaye mtaa mzima walimwita Mama Cherehani. Kila asubuhi alileta chupa ya chai na kila asubuhi alikataa kukaa kwenye benchi, akisema benchi la polisi linaambukiza. Alimsimamisha Inspekta akamwambia yale yale ya jana: kwamba mdogo wake hajawahi kuiba hata kifungo, na kwamba huyo mwenyekiti anayetembea kifua mbele amekojoa mgongoni mwake alipokuwa mtoto, yeye akiwa amembeba. Inspekta aliitikia kwa heshima, akahesabu kuwa ni maneno ya bibi mwenye uchungu, akaingia mahabusu. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Mzee Karani alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, koti limekunjwa vizuri pembeni. Inspekta alimuuliza upya swali la kwanza, la mfuko. Shahidi alimwona akitoka ofisini siku ya mafuriko, giza likiingia, na mfuko uliolowa begani. Ndani ya mfuko mlikuwa na nini?

"Vitambaa vya dada," mzee alisema. "Sare za shule alizokata. Aliziweka ofisini kwangu kwa sababu paa lake linavuja. Nilimwambia huyo kijana wako. Akaniambia ninyamaze."

Inspekta alitoka, akaenda stoo, akaukuta mfuko umefungwa kamba na lakiri ya kituo juu yake, haujafunguliwa kamwe. Ndani yake mlikuwa na mikono ya mashati na kola thelathini na kitu, zimeota ukungu. Katika jalada Sajenti alikuwa ameandika "mfuko uliolowa, unashukiwa kubeba nyaraka." Alikuwa ameupima kwa macho tu, na Inspekta aliyeisoma ripoti hiyo asubuhi nne mfululizo hakuuliza. Mzee wa watu alilala sakafuni siku nne kwa sababu ya kola za mashati. Alimwita Sajenti, akamwonyesha kola moja, akamwambia aishike mpaka atakapoambiwa aiweke chini. Sajenti akabaki ameishika.

Aliporudi mahabusu alibeba daftari na kisahani cha chai, ganda la asubuhi likiwa bado ndani yake.

"Nieleze unavyolitunza," alisema. "Pole pole. Nataka kila kitu."

Hapo mzee akachangamka kama fundi yeyote anayeulizwa kazi yake. Alieleza kwamba mto ule anaujua, kwa hiyo kila anapofunga ofisi hulitia daftari kwenye mfuko wa nailoni alioshonewa na dada yake, mshono maradufu wa uzi wa kijani, akaufunga kwa kamba na kuutundika kwenye boriti ya paa. Miaka thelathini na mmoja halijalowa hata pembe. Jioni ile ya mafuriko alilitundika kama kawaida ndipo akachukua vitambaa. Mgongo wa daftari ukilegea huubandika mwenyewe kwa gundi ya unga wa ngano, maana gundi ya dukani hupasuka. Funguo za ofisi zilikuwa mbili, yake na ya mwenyekiti.

"Na huyu?" Inspekta alimsogezea kisahani. "Katoka mgongoni mwa daftari."

Mzee alimchukua konokono kwa vidole viwili, akamsimamisha ncha juu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Hawa wanapenda unga, lazima angeifuata gundi yangu." Kisha akamgeuza, akamgeuza tena. "Huyu si wa mtoni."

"Konokono si konokono tu, mzee?"

"Mwanangu, mimi na dada tumecheza na konokono wa mto ule mpaka tukachapwa. Tulikuwa tunawapanga mstari, milango yote inatazama upande mmoja. Ukimsimamisha hivi, mlango uko kulia. Wote kulia. Huyu mlango wake uko kushoto."

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ilikuwa kweli. Tundu la ganda lilikuwa kushoto.

*

Katika idara ya afya, chumba cha mwisho kabisa baada ya stoo ya vyandarua, alikaa mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu konokono wa majini kwa ajili ya kichocho. Wenzake walimwita Mama Konokono na walidhani wanamtania. Miaka kumi na mmoja alikuwa amezunguka na ndoo, chekeche na buti za mpira, mara mbili kila mwaka, katika mito, mifereji na madimbwi arobaini ya eneo lile. Matokeo aliyaandika kwenye ripoti ambazo, alimwambia Inspekta bila kuulizwa, hakuna aliyezisoma zaidi ya mchwa.

Aliweka ganda chini ya kioo cha kukuzia. Hakuchukua hata dakika moja.

"Wa bwawa la matofali," alisema.

Inspekta alimwomba asiwe na haraka. Alitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kuangalia konokono mmoja akajua anakotoka, kwa sababu mchana huu kuna mtu angemwambia matope ni matope na konokono ni konokono.

Mama Konokono alivuta droo ndefu iliyojaa vichupa vyenye namba, akaviweka viwili mezani. Alieleza kwamba konokono wa aina hii, ambao si wale wa kichocho, hutawanyika sehemu nyingi, lakini hawaishi kama watu wa soko moja wanaochanganyika ovyo. Wanaishi vikundi vikundi, kila kikundi na maji yake, wakizaana wao kwa wao vizazi na vizazi. Kikundi kikikatika na wenzake kwa muda mrefu kinakuwa na sura yake. Lile bwawa ni shimo lililochimbwa na wafyatua matofali zamani, kingo zake ziko juu, mto hauingii humo wala maji hayatoki. Konokono wachache walifika humo, pengine kwenye kwato za ng'ombe, na mmoja wao alikuwa na ganda lililojisokota kinyume. Mwenye ganda la kushoto hapatani kirahisi na mwenye ganda la kulia hata wakitaka kuoana, maumbile hayakutani. Basi wa kushoto wakaoana na wa kushoto, na leo bwawa zima ni la kushoto.

"Kwingine?"

"Madimbwi thelathini na tisa, sijapata hata mmoja. Nina tarehe, nina hesabu, nina vichupa."

"Mafuriko hayakuwahamisha?"

"Nilipita siku ya pili baada ya maji kushuka, kwa sababu hiyo hiyo. Mtoni wote kulia. Na bwawa halikufikiwa, alama ya maji iliishia mbali chini yake. Kuingia ndani ya uzio sikuweza, lango lilikuwa na kufuli jipya." Alimrudishia Inspekta ganda ndani ya kichupa, akaandika namba na saa kwenye kibandiko. "Kikundi kama hiki sisi tunakiita deme. Ni neno la Wagiriki wa kale, unajua? Kwao deme ilikuwa kama kata. Kila mtu aliandikwa kwenye daftari la deme ya baba yake, na kijana akifika umri, watu wa deme walikaa wakapiga kura kama kweli ni wao. Waliyemkataa akishindwa kwenye rufaa, aliweza kuuzwa utumwani."

"Kwa kunyoosha mikono tu?"

"Kwa kura, baada ya kiapo. Angalau wao waliapa kwanza."

Inspekta alisema kwamba leo saa nane kuna watu watanyoosha mikono bila hata kiapo. Mama Konokono alichukua buti zake.

*

Kiwanda cha matofali kilikuwa cha shemeji yake mwenyekiti, ndugu wa mkewe, mtu mnene mwenye vumbi jekundu hadi kwenye kope. Aliwapokea kwa heshima zote, akawaletea viti, akawaambia bwawa limefungwa kwa usalama wa watoto. Kufuli jipya? Kweli, la wiki iliyopita. Kabla ya hapo watoto walikuwa hawazami? Alicheka akasema Afande ana utani.

Inspekta hakuwa na utani. Alimwomba afungue lango, na alipoona anaanza kutafuta ufunguo kwenye mfuko ambao haukuwa na kitu, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba Sajenti ana mkasi wa kukatia vyuma kwenye gari, na kwamba Sajenti leo ana hamu sana ya kumfurahisha mkubwa wake. Ufunguo ukapatikana.

Maji yalikuwa ya kijani, yametulia. Mama Konokono alichota mara moja kwa chekeche akawatandaza konokono kumi na wawili kwenye gazeti, kisha akawasimamisha mmoja mmoja. Kushoto, kushoto, kushoto. Inspekta alimwacha afanye kazi yake, yeye akatembea ukingoni akiangalia chini. Karibu na jiwe kubwa lililolowa nusu, udongo ulikuwa umebonyea pembe nne, kitu kizito kimelazwa hapo na jiwe kuwekwa juu yake. Alipima kwa futi. Urefu ule ule wa daftari, upana ule ule.

Mto usingefaa. Hilo alilielewa akiwa amechuchumaa pale. Wazo la kuyasingizia mafuriko lilikuja baada ya mafuriko, maji yakiwa yameshaondoka, na mtoni kutwa kuna watu wanafua. Mtu anayetaka kulowesha daftari siku mbili bila kuonekana anahitaji maji yenye uzio.

Kilichomwinua ni rundo la matofali mabichi yaliyofunikwa yasikauke haraka. Yalifunikwa magunia, na juu ya magunia, kwenye pembe iliyobaki wazi, ulikuwa umetandazwa mfuko wa nailoni uliopasuliwa. Kingo zake zilikuwa na mshono maradufu wa uzi wa kijani.

"Huu umeutoa wapi?" alimuuliza mwenye kiwanda.

"Takataka tu, Afande. Shemeji aliuacha."

"Aliuacha lini?"

Mtu mnene alianza kuyafunika matofali upya. Alikuwa ameshasema. Inspekta alimwandikisha maneno yale matano kama yalivyo, akamsainisha, akauweka mfuko kwenye bahasha ya vielelezo. Alikuwa na ushahidi wa kumtoa karani, na wa kumtia mwenyekiti ndani kwa kulowesha daftari. Lakini kurasa arobaini hakuwa nazo. Shemeji aliapa kwa kila alichokijua kwamba hakuziona, na Inspekta aliamini, kwa kuwa mtu huyo hakuwa na akili ya kuficha hata mfuko. Mwenyekiti angeweza kwenda jela akitabasamu, na Mtaa wa Chini ukabomolewa vile vile, kwa kuwa tangazo lilisema daftari lililopo.

Ndani ya gari alilifungua tena daftari magotini. Lilianza na namba sitini na nne. Alisoma kwa hasira, safu kwa safu, jina, nyumba, tarehe ya kufika, kazi. Kisha akasoma safu ya tano, ambayo asubuhi nne alikuwa akiiruka kwa kuwa ilikuwa na tarakimu tu. Mdhamini: tisa. Mdhamini: arobaini na moja. Mdhamini: tatu. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Alipofika namba themanini na nane alimwambia Sajenti apunguze mwendo, kisha akamwambia ageuze gari wapite kituoni kwanza.

"Kumchukua nani, Afande?"

"Karani. Huo mwandiko ni wake, atausoma yeye. Na dada yake. Mfungulie mlango kama anavyofunguliwa mwenyekiti."

*

Ukumbi wa kata ulikuwa umejaa. Mtaa wa Juu walikaa viti vya mbele, na Mtaa wa Chini walisimama nyuma, kwa kuwa viti viligawiwa kwa namba. Mwenyekiti alikuwa na suti ya kijivu. Alipomwona karani akiingia bila pingu aliuma mdomo, lakini alimpokea Inspekta kwa bashasha.

Inspekta alimwomba athibitishe jambo moja kabla ya kusoma kielelezo. Je, maelezo yake ni yale yale, kwamba tangu kulipokucha siku ile daftari halikutoka mkononi mwake?

"Yale yale. Mimi sigeuki."

"Na kanuni ya tangazo ni ile ile? Mtu ambaye namba ya mdhamini wake haimo humu, si wa kata?"

"Kwa kila mtu, Afande. Bila upendeleo." Alisema hilo akiigeukia hadhira, na viti vya mbele vikapiga makofi.

Basi Inspekta akaweka mezani kichupa na mfuko wa nailoni, akaeleza kwa maneno machache, Mama Konokono akiwa pembeni yake na ripoti zake za miaka kumi na mmoja. Hakupaza sauti. Alieleza mlango wa kulia, mlango wa kushoto, jiwe, uzi wa kijani na kufuli. Mwenyekiti alicheka kidogo mwanzoni. Alisema serikali imeishiwa, sasa inaleta konokono kutoa ushahidi. Viti vya mbele havikucheka naye kama alivyotarajia. Alipoona hivyo, akanyoosha koti lake na kusema kwamba hata kama shemeji yake amefanya upumbavu, atajibu mwenyewe, lakini kanuni ni kanuni na daftari lililopo ndilo daftari. Kurasa zimepotea. Mkutano uendelee.

Hapo ndipo Inspekta alipoona wazi mtu aliyesimama mbele yake. Alikuwa tayari kumtupa shemeji yake, kumwacha mzee aozee mahabusu, kuzifuta nyumba sitini na tatu ili zile za kilimani azigawe atakavyo, na bado akaita jambo hilo kanuni.

"Uendelee," alisema. "Mzee, tusomee namba themanini na nane."

Karani alivaa miwani yake. Aliukuta ukurasa bila kutafuta.

"Namba themanini na nane. Mtaa wa Juu. Fundi seremala, amefika na mke na mtoto mmoja wa kiume, mgonjwa." Alitaja jina la baba yake mwenyekiti. "Mdhamini, namba kumi na saba."

"Namba kumi na saba iko wapi?"

"Haimo, Afande. Ilikatwa."

"Nani alikuwa namba kumi na saba?"

Karani alimgeukia dada yake. Mama Cherehani alikuwa amesimama kati ya viti, ameshika chupa ya chai kifuani.

"Mimi," alisema. "Walikuja na sanduku moja na mtoto anaungua homa. Hawakuwa na wa kuwasimamia. Nikaenda ofisini, mtoto nimembeba mgongoni, nikasema hawa ni wangu." Alimtazama mwenyekiti, si kwa chuki. "Ulikuwa mzito, mwanangu."

Mwenyekiti alisema kwamba hayo ni maneno ya mdomo, na ushahidi wa mdomo haukubaliki. Alilisema kwa mazoea, na lilipomtoka alilisikia kama wengine walivyolisikia. Mtu mmoja wa viti vya mbele alikuwa ameshasimama akimwuliza karani mdhamini wake yeye ni namba ngapi. Tatu, karani alisema. Mwingine akauliza. Ishirini na sita. Mwanamke wa duka la dawa akauliza, na jibu lake lilikuwa arobaini na moja. Kata ilianzia chini, mtoni. Kila aliyekuja baadaye na kujenga juu aliingia kwa mkono wa mtu wa chini, na mwenyekiti, mwenye wembe wake na haraka yake, hakuwahi kusoma safu ya tano.

"Kwa kanuni ya tangazo," Inspekta alisema, "hakuna mtu wa kata hii ukumbini. Tuanze. Mkutano umpigie kura namba themanini na nane na kizazi chake. Wanaosema si wa hapa, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyecheka. Mkono mmoja ulipanda viti vya mbele, kisha wa pili, na mingine ikaanza kufuata, ya watu waliompigia makofi robo saa iliyopita. Nyuma, Mtaa wa Chini, haukupanda hata mmoja.

Mwenyekiti aliitazama mikono ile. Alitoa leso akaifuta shingo, akamtazama Mama Cherehani ambaye bado alikuwa amesimama pale pale na chupa yake.

"Subirini," alisema. "Kurasa zipo."

"Ziko wapi?" Inspekta aliuliza, na Sajenti akafungua daftari lake la maelezo.

"Nyumbani. Chini ya godoro la mama."

Sajenti aliandika neno kwa neno, na saa. Mama Cherehani aliketi kwenye kiti cha mbele kilichokuwa wazi, akafungua chupa, akammiminia mdogo wake chai.